Askofu Edward Steere na Waalimu Aliowaacha Nyuma Yake

Katika siku hizi za Jubilii twasikia habari nyingi za majengo: kanisa hili lilijengwa mwaka gani, shule ile ilianza na watoto wangapi, kengele hii ililetwa na nani. Habari hizo ni njema, wala hatuzidharau. Lakini tumeona yafaa katika kurasa hizi kumkumbuka mtu aliyejenga kanisa kuu la mawe ambalo limesimama hata leo, na ambaye hata hivyo alijua ya kuwa mawe hayawezi kuilinda imani yasipokuwapo watu wa kuilinda. Mtu huyo ni Edward Steere, Askofu wa tatu wa Misheni ya Vyuo Vikuu, ile ambayo wazee wetu walizoea kuiita UMCA.

Wengi wamekwisha kusikia jina lake. Wanafunzi wa lugha humjua kwa vitabu vyake vya Kiswahili, na wageni waendao Unguja huonyeshwa kaburi lake Mkunazini. Sisi twapenda kuyatazama maisha yake kwa ajili ya swali moja, ambalo kila mtaa na kila shule yetu italiuliza siku moja: Mwalimu akiondoka, ni nini kibakiacho? Maana tumeona mara nyingi mtu mwenye bidii akija mahali, na kanisa likijaa; kisha akahamishwa, au akafa, na baada ya miaka michache nyasi zikaota mlangoni. Askofu Steere alilitafakari swali hilo mapema, wala hakungoja uzee ndipo alijibu.

Alizaliwa London mwaka 1828. Wazazi wake walimpa elimu nzuri, akasoma katika Chuo cha University College katika mji ule ule, akapata shahada za sheria, na mwaka 1850 akakubaliwa kuwa wakili. Mbele yake palikuwa na kazi ya heshima na mapato ya kutosha. Lakini moyo wake haukutulia katika mambo ya mahakama. Alianza kushirikiana na vijana wengine wa Kanisa waliotaka kuishi pamoja kama ndugu na kuwahudumia maskini. Mwisho akaiacha sheria, akawekwa kuwa shemasi mwaka 1856, na kasisi mwaka 1858. Akatumwa Skegness, mahali pa pwani katika wilaya ya Lincolnshire, penye wavuvi na wakulima. Huko akajifunza jambo ambalo halimo katika vitabu vya sheria, yaani kusema na watu wa kawaida kwa maneno wanayoyafahamu, na kuwatumikia bila kujikweza. Mwaka 1862 akapewa kanisa la Little Steeping, kijiji kidogo katika wilaya ile ile.

Karibu na hapo alikuwapo rafiki yake, Padre William Tozer. Huyu aliitwa mwaka 1863 awe Askofu wa Misheni katika Afrika ya Kati, naye akamwomba Steere afuatane naye. Na wasomaji wetu na wakumbuke hali ya Misheni hiyo wakati ule. Ilikuwa imeanza kwa matumaini makubwa, baada ya Daktari Livingstone kuwaita watu wa vyuo vya Uingereza mwaka 1857 wasiisahau Afrika. Askofu wa kwanza, Charles Mackenzie, alifika nchi ya mto Shire mwaka 1861, akakaa Magomero. Hakumaliza mwaka mmoja. Homa ikamwua mwezi wa Januari 1862, na wengine wa wenzake wakafa vilevile, kwa homa na njaa. Yaliyobaki Magomero yalikuwa makaburi na kundi dogo la mateka waliookolewa. Steere aliyajua hayo yote. Alikubali kwenda, akiahidi kukaa kitambo tu ili kumsaidia rafiki yake. Kitambo hicho kikawa maisha yake yote yaliyosalia.

Askofu Tozer aliona ya kuwa Misheni haiwezi kusimama kule Shire, akaihamishia Unguja mwaka 1864. Wako waliomlaumu sana, wakisema ameikimbia kazi. Lakini pale Unguja ndipo ilipoanza kazi yenyewe tunayoisimulia. Jahazi moja la watumwa lilikuwa limekamatwa, na Sayyid Majid akampa Askofu watoto wanaume 5 waliotolewa ndani yake. Hawakuwa na baba wala mama, hawakujua Kiingereza, na hata Kiswahili walikijua kidogo tu, maana walitoka bara. Walikuwa wamenunuliwa na kuuzwa kama mbuzi. Mtu mwingine angaliwaona kuwa ni watoto wa kuhurumiwa tu, wapewe chakula na nguo. Tozer na Steere waliwaona kuwa waalimu wa kesho. Wale watoto 5 ndio chuo cha kwanza cha Misheni, na katika hao mmoja aliitwa Swedi, ambaye tutamtaja tena.

Hapa ndipo lilipoonekana wazo kuu la Steere. Makaburi ya Magomero yalikuwa yamemfundisha ya kuwa Mzungu ni mgeni katika nchi hii, tena mgeni ambaye homa humwondoa upesi. Hata asipokufa, hurudi kwao. Hata asiporudi, huwa mgeni siku zote katika lugha na katika mila. Basi Kanisa likiwekwa juu ya mabega ya wageni, litaanguka siku wageni watakapoondoka. Lazima lichukuliwe na wenyeji, na kazi ya mgeni ni kuwalea wenyeji hao hata waweze kulichukua. Watu wengi wa Misheni walisema hivyo kwa midomo. Steere aliyapanga maisha yake yote yafuate neno hilo.

Kazi ya kwanza ilikuwa lugha. Hakuwataka wanafunzi wake wapokee Injili kwa Kiingereza, kama nguo ya kuazima isiyowaenea. Akakaa chini kujifunza Kiswahili kama mtoto, akiwauliza wazee na vijana wa mji wa Unguja, Waislamu kwa Wakristo, na kuandika kila neno alilolisikia. Alisikiliza hadithi zao, akaziandika kama zilivyosimuliwa, na mwaka 1870 zikapigwa chapa London katika kitabu kimoja cha hadithi za Waswahili. Mwaka huo huo kikatoka kitabu chake cha kufundishia lugha ya Kiswahili cha Unguja, ambacho kiliwasaidia wageni kwa miaka mingi. Aliandika pia maneno na kanuni za lugha nyingine, kama Kishambala, Kiyao na Kimakonde, maana alijua ya kuwa wanafunzi wake watatumwa kwa makabila mengi.

Pamoja na lugha kikaja chuma cha kupigia chapa. Misheni ilikuwa na mtambo mdogo Unguja, na Steere akawafundisha vijana kupanga herufi, kutia wino na kukunja karatasi. Vitabu vya sala, nyimbo na sehemu za Maandiko vikatoka katika mikono ya wale waliokuwa watumwa jana. Twaomba waalimu walitafakari jambo hili. Kijana aliyepanga kwa vidole vyake, herufi kwa herufi, habari ya Bwana wetu akiwaosha wanafunzi wake miguu, hawezi kuisahau upesi. Alijifunza kusoma, alijifunza kazi ya mikono, tena alijifunza neno la Mungu, yote kwa wakati mmoja na mahali pamoja. Wala hakuwa mpokeaji tu, maana kitabu alichokichapa kilikwenda kufundisha wengine.

Kiungani, nje ya mji, kukawa chuo cha wavulana, ambacho baadaye kiliitwa Chuo cha Mtakatifu Andrea. Desturi ya chuo ilikuwa kuwalea vijana wabaki watu wa nchi yao. Walivaa kanzu, wakala chakula cha nchi, wakasali kwa Kiswahili. Steere hakupenda kuwafanya Wazungu weusi, kwa sababu aliona ya kuwa kijana aliyezoea meza na viatu vya Ulaya hatataka tena kukaa kijijini, na kijiji nacho hakitamtambua. Mbweni kukawa mji wa watu waliowekwa huru, wenye mashamba yao na nyumba zao, na shule ya wasichana. Hilo nalo lilikuwa la lazima, maana mwalimu asiye na nyumba ya Kikristo hukosa nusu ya nguvu zake, na mke wake naye ni mwalimu kwa jirani zake.

Kazi hii haikwenda bila mapigo. Katika miaka ya 1869 na 1870 kipindupindu kikaupiga mji wa Unguja, watu wengi mno wakafa. Mwaka 1872, mwezi wa Aprili, ikaja tufani kubwa iliyovunja nyumba, ikang'oa minazi na mikarafuu na kuzamisha vyombo bandarini. Majengo ya Misheni yakaharibika. Steere alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka Uingereza, alikokaa miaka kadhaa akichapa vitabu vyake. Askofu Tozer akawa mgonjwa, na mwaka 1873 akajiuzulu. Wafanyaji kazi walikuwa wachache sana. Ingalikuwa rahisi kusema ya kuwa Mungu hataki kazi hii iendelee.

Lakini katika mwaka huo huo wa 1873 Sayyid Barghash alitia sahihi mapatano na Waingereza, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Steere akaona ya kuwa mahali pale palipouziwa watu hapafai kuachwa hivi hivi. Padre Arthur West akanunua sehemu ya uwanja kwa fedha zake, na sehemu nyingine ikatolewa na Jairam Senji, tajiri Mhindi asiyekuwa Mkristo. Siku ya Krismasi 1873 jiwe la msingi likawekwa. Mwaka uliofuata, mwezi wa Agosti, Steere akawekwa kuwa Askofu katika kanisa la Westminster, London, akarudi Unguja kuendeleza kazi.

Kanisa lile alilijenga yeye mwenyewe. Alishiriki katika kuichora ramani, akawasimamia waashi, akafundisha namna ya kuchanganya matumbawe yaliyopondwa pamoja na saruji, ili kufanya dari ya tao bila mti hata mmoja. Wengi walisema itaanguka. Haikuanguka. Kanisa likafunguliwa siku ya Krismasi 1879, miaka 6 kamili tangu jiwe la msingi, na Sayyid Barghash, ingawa ni Mwislamu, akatoa saa ya kuwekwa katika mnara. Husimuliwa hata leo ya kuwa Askofu alipokuwa hayupo, mafundi walizisimamisha juu chini nguzo ndogo zilizo upande wa magharibi, na nguzo hizo zimeachwa vivyo hivyo. Wageni huzicheka. Sisi twaona kuna mafundisho ndani yake: mtu akiwaachia wengine kazi, hawataifanya yote kama yeye angaliifanya. Lakini nguzo zile zimebeba mzigo wake kwa zaidi ya miaka 140.

Na katika mwaka huo huo wa 1879 lilitokea jambo ambalo kwa macho ya watu lilikuwa dogo kuliko kanisa, na mbele ya Mungu pengine lilikuwa kubwa zaidi. Swedi, yule mmoja wa watoto 5 wa jahazi, ambaye katika ubatizo alipewa jina la John, akawekwa kuwa shemasi, Mwafrika wa kwanza wa Misheni ile kupata daraja hiyo. Tangu alipopokelewa ilikuwa imepita miaka 15. Steere hakuharakisha. Alimwona akikua, akifundisha watoto, akijaribiwa, akivumilia. Alijua ya kuwa mtu hawezi kuwekwa kuwa mchungaji kwa sababu ya kusoma vizuri tu. Lakini vilevile hakungoja mpaka Swedi afanane na kasisi wa Ulaya. Kati ya haraka na woga alitafuta njia ya katikati, nayo ni njia ngumu, kama wanavyojua wote waliopata kuchagua viongozi.

Macho ya Askofu hayakukaa Unguja tu. Kisiwa kilikuwa mlango kwake, na nyumba yenyewe ilikuwa bara. Mwishoni mwa mwaka 1875 alikwenda kwa miguu kutoka Lindi mpaka Mwembe, mji wa Mataka, mfalme wa Wayao, safari ya majuma mengi katika nchi iliyoharibiwa na vita na njaa. Mwaka 1876 akaondoka tena Lindi pamoja na watu zaidi ya 50, wanaume kwa wanawake, waliowekwa huru. Nia yake ilikuwa kuwarudisha karibu na nchi ya Nyasa, walikotoka wengi wao. Walipofika Masasi, chini ya ile milima ya mawe, wale watu waliona nchi yenye maji na udongo mwema, iliyofanana na kwao, wakaomba wakae hapo. Askofu angaliweza kukataa, maana mpango wake ulikuwa mwingine. Akawasikiliza. Wakapima mahali pa nyumba, wakafyeka mashamba, wakajenga kanisa la miti na majani. Hivyo ndivyo ulivyoanza mji wa Kikristo wa Masasi, na mahali hapo palifanywa makao ya Dayosisi mwaka 1926.

Tunaomba wasomaji wautazame ule mji kwa makini. Walioujenga walikuwa watu waliopita njia ile ile zamani wakiwa wamefungwa minyororo, wakielekezwa pwani. Sasa walirudi juu yake wakiwa huru, wamebeba majembe, mbegu na vitabu vya sala. Askofu hakukaa nao. Aliwaacha na Padre William Percival Johnson, kisha akaja Padre Chauncy Maples, lakini kazi ya kila siku ya kuonyesha Ukristo ulivyo, katika kulima, katika kuoa, katika kuamua ugomvi na kuzika wafu, ilikuwa ya wale watu wenyewe. Wamakua na Wayao waliowazunguka hawakuwa na kitabu kingine cha kusoma ila maisha yao.

Tukikusanya mambo haya, twaweza kuona namna nne za malezi yake. Kwanza, alikaa pamoja na wanafunzi wake. Alisali nao, akafanya kazi nao mtamboni na katika ujenzi, hata wakamwona akichoka na kukosea na kuanza tena. Pili, aliwapa neno la Mungu katika lugha waliyoielewa, ili imani yao isitegemee mkalimani. Tatu, aliwapa kazi ya kweli iliyoweza kuharibika wakiifanya vibaya, maana mtu asiyeaminiwa na kitu hajifunzi uaminifu. Nne, aliwatuma mbali naye. Hili la nne ndilo gumu kwa viongozi wengi. Twapenda kumweka karibu kijana hodari, atusaidie, atusifu, aijaze kwaya yetu. Steere alimtuma kijana wake aliye hodari kwa safari ya siku nyingi, mahali ambapo hataweza kumwona wala kumwongoza.

Mwaka 1882 alikwenda Uingereza kwa muda, akarudi Unguja mwezi wa Agosti. Hakukaa siku nyingi. Mwishoni mwa mwezi huo huo akafa ghafula, mwenye umri wa miaka 54, akazikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa alilolijenga, mahali palipokuwa soko la watumwa. Tafsiri yake ya Agano Jipya katika Kiswahili ilitoka mwaka uliofuata. Hakuiona ikiwa mikononi mwa watu.

Ndipo lilipokuja jaribu. Hata majuma manne hayajapita tangu kuzikwa kwake, mwezi wa Septemba 1882, jeshi la Magwangwara liliushukia mji wa Masasi. Nyumba zikachomwa, watu wengine wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka, watu waliokwisha kuonja utumwa mara moja. Kazi ya miaka 6 ikawa majivu katika siku chache. Askofu yumo kaburini, mji umeteketea, na wapya hawajafika. Mtu yeyote aliyesema ya kuwa kazi ya Steere itakwisha pamoja naye, siku ile angaliweza kuonyesha moshi kuwa ushahidi.

Lakini haikwisha. Wengi wa waliosalia walihamia Newala, kwa mfalme Matola, wakaendelea na sala zao. Wengine wakarudi Masasi baadaye, wakajenga tena. Na mwaka 1886 akatumwa mtu mmoja katika nchi ile ya Wayao, mahali paitwapo Chitangali, akiwa shemasi mpya. Jina lake Cecil Majaliwa. Naye alikuwa Myao aliyekamatwa utotoni, akauzwa, akaokolewa, akalelewa katika shule za Misheni Unguja. Alikaa Chitangali kwa mfalme Nakaam, bila Mzungu wa kukaa naye, akafundisha, akajenga, akabatiza. Mfalme mwenyewe akawa Mkristo, akaitwa Barnaba. Mwaka 1890, katika lile kanisa kuu la Mkunazini, Askofu Smythies akamweka Majaliwa kuwa kasisi, Mwafrika wa kwanza wa Misheni kupata upadre. Hatua chache nyuma ya madhabahu ile lilikuwako kaburi la Steere. Katika uwanja ule ule watoto wa Kiyao walikuwa wakiuzwa miaka 17 tu kabla ya siku ile.

Wakafuata wengine. Petro Limo, mwana wa Bonde, akawa kasisi katika nchi ya kwao. Yohana Abdallah, Myao aliyesoma Kiungani, akawa kasisi huko Unangu, naye akaandika katika Kiyao kitabu cha habari za kabila lake, kilichopigwa chapa mwaka 1919. Chuo cha Kiungani nacho kiliendelea mpaka mwaka 1925, kikahamishiwa Minaki, karibu na Dar es Salaam.

Tusimulie pia yasiyopendeza, maana Jubilii bila kweli ni ngoma tupu. Majaliwa alirudi Unguja mwaka 1893, na utumishi wake baada ya hapo ulipitia taabu nyingi. Aliachwa peke yake kwa miaka, mbali na ndugu wa daraja yake, akibeba mzigo ambao kwa kawaida hugawanywa kwa watu kadhaa. Kumtuma mtu ni jambo jema, lakini aliyetumwa anahitaji kutembelewa, kuandikiwa na kupumzishwa. Tena, hesabu hii hapa ituhuzunishe kidogo. Wale watoto 5 walipokelewa mwaka 1864. Mwaka wa John Sepeku kuwekwa kuwa Askofu, Mwafrika wa kwanza katika Dayosisi ya Unguja, ni 1963. Kati ya miaka hiyo miwili kuna 99. Wale waliomfuata Steere hawakuwa na haraka yake. Wengi walimsifu na kusoma vitabu vyake, lakini waliogopa kukabidhi fimbo ya uchungaji. Mwaka 1970 Askofu Sepeku akawa Askofu Mkuu wa kwanza wa Jimbo la Tanzania. Misheni yenyewe ilikuwa imekwisha kuunganishwa na chama kingine mwaka 1965, na jina lake la kale likakoma. Kanisa halikukoma. Hapo ndipo tunapoona ya kuwa wazo la Steere lilikuwa kweli, ingawa lilikawia kutimizwa.

Basi, ndugu zetu wa mitaa na ninyi waalimu, kumkumbuka Askofu Steere kwa nyimbo na maandamano hakutoshi. Na tuyatazame majina ya watu wanaotufuata. Mzee wa kanisa aliyeshika funguo kwa miaka 20, je, amemfundisha kijana kuhesabu sadaka kwa uaminifu? Mwalimu wa dini, je, amewahi kunyamaza ili mwanafunzi wake aongoze sala, hata akikosea? Mama wa chama cha akina mama, je, yuko binti anayejua kazi yake zaidi ya kupika siku ya sikukuu? Mtu akijibu ya kuwa hakuna anayefaa, na akumbuke lile jahazi. Watoto wale 5 hawakuonekana kufaa. Walikuwa wageni, yatima, hawajui kusoma, na hofu imewajaa. Mtu akakaa nao miaka 15.

Twafahamu ya kuwa kazi hii haina sifa za upesi. Aliyejenga ukuta huuonyesha kabla ya mwaka kwisha. Aliyelea mtu pengine hufa kabla ya kumwona akisimama, kama Steere alivyokufa kabla ya kumwona Majaliwa madhabahuni. Lakini mkulima wa minazi hupanda akijua ya kuwa wajukuu ndio watakaokunywa madafu, wala hilo halimzuii kuchimba shimo.

Mwenyezi Mungu, aliyemwita Edward mtumishi wake kutoka mahakama ya London mpaka soko la watumwa, na ampe raha ya milele. Na John, na Cecil, na Petro, na Yohana, na wote ambao majina yao hayakuandikwa ila katika kitabu chake, waliolima Masasi na kupanga herufi Unguja, awakumbuke. Nasi atupe moyo wa kuwalea watakaotufuata na kuwaachia kazi wakati wake, ili watakaosherehekea Jubilii nyingine baada yetu wawakute watu wanaosali ndani ya kuta hizi.